Deni la Roche kwa Visentini

Jumamosi ya tarehe 6 Juni 1987, katika milima ya kaskazini-mashariki mwa Italia, mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia yalishuhudia jambo ambalo wapenzi wa mchezo huo wanaligombania hadi leo. Timu ya Carrera, iliyofadhiliwa na kampuni ya Kiitalia ya kutengeneza suruali za jinzi, ilijipanga mbele ya msafara na kukanyaga kwa nguvu zake zote ili kumkamata mtu aliyechomoka. Mtu huyo naye alikuwa amevaa jezi ya Carrera. Jina lake Stephen Roche, Mwayalandi wa miaka 27. Aliyekuwa akiachwa nyuma ni Roberto Visentini, Muitalia, bingwa wa mwaka uliotangulia, ambaye asubuhi ile alianza safari akiwa na jezi ya waridi anayovaa kiongozi wa mashindano. Wawili hao walilipwa na tajiri mmoja, walilala hoteli moja na kula meza moja.

Jioni, msafara ulipofika kijiji cha Sappada, Visentini alikuwa amepoteza karibu dakika sita. Jezi ya waridi ilikuwa ya Roche, na Waitalia wengi walikuwa wameshampa jina: msaliti.

Je, lilimstahili? Waliolijibu swali hili wamelijibu zaidi kimichezo, kwa kuhesabu dakika, mbinu na ushindi. Lakini ndani yake limo swali kongwe kuliko baiskeli yenyewe, ambalo watu wa dini wamelishughulikia tangu zamani: ahadi humfunga mtu mpaka wapi? Humfunga hata inapomuumiza? Humfunga hata anapoona kwamba aliyeahidiana naye hana nia ya kutimiza sehemu yake?

Asiyezifahamu mbio za barabarani hudhani kila mtu hujikimbilia mwenyewe. Sivyo. Anayekwenda mbele hupasua upepo, na anayemfuata karibu na gurudumu lake hutumia nguvu pungufu sana. Kwa sababu hiyo timu huwa na kapteni mmoja, na wengine wote humfanyia kazi. Humkinga upepo kutwa nzima, hurudi nyuma kwenye gari la timu kumchukulia chupa za maji, na tairi lake likipasuka humpa gurudumu lao na kubaki kando ya barabara wakisubiri fundi. Mwisho wa wiki tatu jina la kapteni huandikwa kwenye kombe. Majina yao wao husomwa na jamaa zao nyumbani.

Kazi ya namna hiyo haiwezi kusimama juu ya mkataba wa maandishi peke yake. Mkataba unaweza kutaja mshahara na siku za mashindano, lakini hauwezi kumlazimisha mtu kujichosha mlimani kwa ajili ya mwenzake hadi aone giza. Kinachomfanya afanye hivyo ni imani: leo nakukinga upepo, kesho utanikumbuka. Imani hiyo ikivunjika, hakuna timu tena, kuna watu tisa wenye jezi zinazofanana. Ndiyo maana neno usaliti lina uzito mkubwa kwa watu wa baiskeli, na si haki kulichukulia kama maneno ya mashabiki waliokasirika tu.

Roche alizaliwa Dublin mwaka 1959, akajifunza ufundi wa mitambo katika kiwanda cha maziwa. Mwaka 1980 alivuka bahari kwenda Paris kujiunga na klabu ya ACBB ya Boulogne-Billancourt, na mwaka uliofuata, wa kwanza kwake katika mbio za kulipwa, alishinda Paris-Nice. Mwaka 1985 alishika nafasi ya tatu katika Tour de France. Mwishoni mwa mwaka huohuo alianguka katika uwanja wa ndani wa baiskeli mjini Paris, akaumia goti. Msimu wote wa 1986, wa kwanza akiwa Carrera, uliliwa na goti hilo. Ndio msimu ambao Visentini alishinda Giro.

Kwa hiyo mwaka 1987 ulipoanza, timu ilikuwa na Muitalia aliyekwisha kuwapa kombe na Mwayalandi aliyekula mshahara wa mwaka mzima bila kulipa kitu. Lakini majira ya kuchipua yakaigeuza hali hiyo. Roche alishinda mashindano ya Valencia, akashinda Tour de Romandie huko Uswisi, na katika Liège-Bastogne-Liège alikuwa wa pili, baada ya yeye na Claude Criquielion kuviziana mpaka Moreno Argentin akatokea nyuma na kuwapita karibu na mwisho. Alifika Giro akiwa na nguvu ambazo hakuwa amewahi kuwa nazo. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mkurugenzi wa timu, Davide Boifava, aliwaweka wote wawili zizini bila kusema wazi nani ni nani. Kauli ikawa kwamba barabara yenyewe itaamua.

Hapa ndipo ahadi inapoingia. Kwa maelezo ya Roche, palikuwa na makubaliano ya nipe nikupe: yeye amsaidie Visentini nchini Italia, kisha mwezi Julai Visentini amsaidie katika Tour de France. Lakini, anasema, baadaye ikambainikia kwamba Visentini hakuwa na mpango wowote wa kwenda Ufaransa. Julai angekuwa likizoni.

Roche aliivaa jezi ya waridi kwa karibu siku kumi. Kisha zikaja mbio za kushindana na saa za kupanda San Marino, na Visentini akamzidi kwa mbali. Alipomaliza alikuwa mbele ya Roche kwa dakika 2 na sekunde 42 katika hesabu ya jumla. Kwa wakuu wa Carrera barabara ilikuwa imeshaamua, na kazi ya Roche kuanzia hapo ilikuwa kumlinda mwenzake mpaka mwisho.

Siku mbili baadaye, katika mteremko mkali wa Forcella di Monte Rest, Roche alishuka kwa kasi ambayo wengi hawakuthubutu kuifuata. Gari la timu lilimfikia na kumwamuru asimame. Alikataa. Nyuma, wenzake wakapewa amri ya kumfukuza, nao wakatii. Ni mmoja tu aliyebaki upande wake, Eddy Schepers wa Ubelgiji. Kufukuzana huko kukawamaliza watu wa Carrera mmoja baada ya mwingine, na milima ya mwisho ilipofika Visentini hakuwa na mtu wa kumkinga wala nguvu za kujikinga. Mholanzi Johan van der Velde alishinda hatua ile, na Roche akaongoza mashindano kwa sekunde 5 tu mbele ya Tony Rominger wa Uswisi.

Siku ya pili yake, njia ilipopita mlima Marmolada, watazamaji walimtemea Roche mate ya mvinyo na mchele. Alipanda katikati ya watu wawili waliomziba kwa miili yao. Upande mmoja alikuwa Schepers. Upande wa pili alikuwa Mskoti wa timu nyingine kabisa, Panasonic, aliyeshindana wakati huo kwa jina la Robert Millar na ambaye leo ni Philippa York. Karibu na mwisho wa Giro, Visentini alianguka, akavunjika kifundo cha mkono na kujitoa. Roche alishinda kwa zaidi ya dakika tatu, Millar akiwa wa pili.

Waswahili husema ahadi ni deni, na deni halifutiki kwa sababu mdai ni mtu mchoyo. Ukisimama kwenye msemo huo peke yake, hukumu ni nyepesi: Roche aliahidi, hakutimiza, basi. Na msimamo huo una nguzo kubwa nyuma yake. Zaburi ya 15, inapoeleza ni mtu wa namna gani atakayekaa karibu na Mungu, inamtaja yule anayeapa na kushikilia kiapo chake hata kikimletea hasara. Haiulizi kama aliyeapiwa alistahili. Uzito wote umewekwa juu ya aliyeapa.

Ayalandi ilikuwa imeshampata mtu wa Zaburi hiyo miaka 25 kabla ya Sappada. Shay Elliott, naye mtoto wa Dublin, alipitia klabu ileile ya ACBB akawa Mwayalandi wa kwanza kujijengea jina katika mbio za kulipwa za bara la Ulaya. Mwaka 1962, katika ubingwa wa dunia huko Salò, Italia, alijikuta kwenye kundi la mbele pamoja na Mfaransa Jean Stablinski. Kwa mwaka mzima wawili hao walikuwa wa timu moja, na Stablinski alikuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa Elliott. Lakini siku ile kila mmoja alivaa jezi ya taifa lake. Stablinski alipochomoka, Elliott hakumfukuza. Mfaransa akawa bingwa wa dunia, Mwayalandi akawa wa pili.

Hali hiyo ya kugawanyika kati ya timu na taifa si ya zamani tu. Wasomaji wa Kigali waliiona kwa macho yao tarehe 28 Septemba 2025, ubingwa wa dunia ulipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Tadej Pogačar wa Slovenia alipochomoka kwenye Mlima Kigali, zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya mia, waliomfuata walikuwa Juan Ayuso wa Hispania na Isaac del Toro wa Meksiko. Bendera tatu tofauti, lakini tajiri mmoja: wote watatu waliajiriwa na timu ya Falme za Kiarabu. Siku kama hiyo mpanda baiskeli ana mabwana wawili, na hakuna sheria iliyoandikwa inayomwambia amsikilize yupi.

Elliott alimsikiliza rafiki, na mwaka uliofuata rafiki alilipa. Katika Tour de France ya 1963 Elliott alishinda hatua ya Roubaix na kuwa Mwayalandi wa kwanza kuvaa jezi ya njano ya kiongozi, na Stablinski alikuwa naye katika kundi lile la mbele akimsaidia. Kufikia hapo hadithi ni nzuri. Baadaye urafiki ulichafuka, Elliott akiamini kwamba mwenzake amemgeuka. Hoteli aliyofungua Bretagne ilikula fedha zake, ndoa yake ikavunjika, akarudi Dublin. Alifariki Mei 1971 kwa jeraha la risasi, akiwa na miaka 36.

Ni kosa kusema kwamba uaminifu ndio uliomuua Elliott, na hakuna mwenye haki ya kuyageuza maisha ya marehemu kuwa hoja. Lakini yanaonyesha kwamba Zaburi ile inaomba kitu kizito kweli. Inamwomba mtu akubali hasara bila uhakika wa kurudishiwa. Mtu anaweza kuichagua njia hiyo mwenyewe na akaheshimiwa milele. Je, mwajiri anaweza kumlazimisha aifuate? Je, Boifava, akiwa ndani ya gari, alikuwa na haki ya kumdai Roche utakatifu?

Kuna njia nyingine ya kulipima jambo hili. Qur'ani, ambayo katika Sura Al-Maida inawaamuru waumini watimize mikataba yao, katika aya ya 58 ya Sura Al-Anfal inazungumzia hali ambapo mmoja wa walioahidiana anaogopa hiana kutoka kwa mwenzake. Haimwambii avumilie tu mpaka aangamizwe. Inamruhusu kuuvunja mkataba, kwa sharti kwamba aurudishe waziwazi, pande zote mbili zijue kuwa umekwisha, kwa kuwa Mungu hapendi wahaini. Aya hiyo inahusu mikataba ya vita na amani baina ya watu na watu, na jambo la Sappada ni dogo sana mbele yake. Lakini mantiki yake inafaa kwa kila makubaliano: dalili ya hiana humfungua mtu, ila hafunguki kwa siri.

Mizani hii inampima Roche vizuri kuliko kelele za Marmolada. Ikiwa maelezo yake kuhusu likizo ya Julai ni ya kweli, basi mkataba ulikuwa umeshalegea kabla hajagusa breki za baiskeli yake juu ya Monte Rest. Makubaliano ya nipe nikupe hayabaki makubaliano pale mmoja anapotangaza kwamba atapokea lakini hatatoa. Roche hakuwa mtumwa wa Visentini, na Carrera haikununua miguu yake ili iwe mali ya Muitalia. Katika sehemu hii ana haki, na wale waliomtemea mate hawakuijua au hawakuijali.

Sehemu ya pili ndiyo inayomshinda. Kwa maelezo ya wenyewe, mpango uliwekwa baina ya Roche, Schepers na fundi wao Patrick Valcke. Visentini hakuambiwa. Alilala akiamini, au walau akiwa na haki ya kuamini, kwamba kesho yake wale waliovaa jezi yake watakuwa upande wake. Mtu atasema kwamba mbio za baiskeli ni mchezo wa kushtukiza, na kwamba hakuna aliyewahi kushinda kwa kutangaza mahali atakapochomokea. Ni kweli. Lakini mshtuko una aina mbili. Rominger alijua kwamba Roche ni mpinzani wake, alichokuwa hajui ni saa na mahali. Visentini hakuwa ameambiwa hata kwamba ana mpinzani. Magazeti yaliandika juu ya ugomvi wa wawili hao, na huenda moyoni alihisi. Kuhisi si kuambiwa.

Angeambiwa, bila shaka angekaa nyuma ya gurudumu la Roche siku nzima, na pengine Roche asingeshinda Giro ile. Hiyo ndiyo bei. Anayetaka kujifungua kutoka kwenye ahadi kwa haki hulipa kwa kupoteza faida ya siri. Roche alitaka kufunguliwa na pia alitaka faida.

Carrera nao hawatoki salama kwenye mizani hiyohiyo. Mtu wao alipokuwa mbele, faida yote ilikuwa ya timu: wapinzani ndio waliotakiwa kufukuza na kuchoka, huku Visentini akipumzika nyuma yao. Badala yake Boifava aliwachosha watu wake mwenyewe ili kutekeleza amri, na kwa kufanya hivyo akamwacha Visentini peke yake mahali alipowahitaji zaidi. Kiongozi aliyekataa kusema neno wazi mwanzoni mwa mashindano, kwamba kapteni ni fulani na sababu ni hii, alipanda mbegu ya siku ile. Ukimya wake ulikuwa wa kwanza, wa Roche ulikuja baadaye.

Katika mabishano haya Schepers husahaulika, na hilo ni dhuluma. Yeye alikuwa msaidizi tu, mwajiriwa anayeweza kufukuzwa kesho. Amri ilikuwa wazi, wenzake wote waliifuata, na mshahara ulitoka kwa watoa amri. Alichagua mtu badala ya ofisi. Hakuwa na jezi ya waridi ya kutazamia, hata ushindi wa hatua moja hakuutazamia. Katika watu wote wa Sappada ni yeye pekee ambaye hawezi kushukiwa kwamba alifanya kwa faida yake. Kama kuna uaminifu uliobaki bila doa siku ile, ulikuwa wa Schepers, ijapokuwa nao ulikuwa umehusika katika kumficha Visentini. Mwaka uliofuata Roche alihamia timu ya Fagor akamchukua pamoja naye. Hapo angalau deni lililipwa.

Julai ile Roche alishinda Tour de France kwa sekunde 40 mbele ya Pedro Delgado wa Hispania. Siku ya kupanda La Plagne alimkimbilia Delgado ndani ya ukungu, akapunguza pengo hadi sekunde 4, kisha akaanguka chini na kuwekewa oksijeni. Siku ya mwisho mjini Paris waziri mkuu wa Ayalandi, Charles Haughey, alisimama naye jukwaani. Visentini hakuwapo barabarani.

Lakini kwa mtu anayejali suala la ahadi, siku kubwa ya mwaka ule si La Plagne. Ni tarehe 6 Septemba huko Villach, Austria, ubingwa wa dunia, kilomita 276. Ayalandi ilipeleka watu watano tu: Roche, Sean Kelly, Martin Earley, Paul Kimmage na Alan McCormack. Kapteni alikuwa Kelly, mtoto wa shamba kutoka Carrick-on-Suir, mtu aliyeshinda Paris-Nice mara saba mfululizo kuanzia 1982 hadi 1988 na ambaye taji la dunia lilikuwa limemkwepa miaka yote. Miezi michache kabla alikuwa akiongoza Vuelta ya Hispania akalazimika kujitoa kwa jipu lililomzuia kukaa kwenye tandiko. Hakuna aliyestahili zaidi.

Roche alimfanyia kazi Kelly mchana kutwa. Katika mzunguko wa mwisho wawili hao walikuwamo wote kwenye makundi ya mbele, na macho ya kila mtu yalikuwa kwa Kelly na kwa Argentin, bingwa mtetezi. Walipokuwa wakitazamana, Roche alichomoka, zikiwa zimebaki mita mia chache. Argentin alimfukuza na kuchelewa kwa sekunde moja. Kelly alimaliza wa tano, akamkumbatia Roche kwa furaha ambayo picha zake zimebaki.

Tazama kwa nje: ni tendo lilelile la Sappada. Msaidizi amempita kapteni na kuchukua taji. Kwa nini basi hakuna aliyemtemea mate Roche mjini Villach? Kwa sababu Kelly hakufichwa kitu. Mpango wao ulikuwa kwamba Kelly ndiye wa kukimbia mbio za mwisho za kasi, na Roche aende na yeyote atakayechomoka ili Waayalandi wasiachwe bila mtu mbele. Wapinzani walipoamua kumlinda Kelly peke yake, Roche ndiye aliyekuwa huru, na kila dakika aliyoitumikia Kelly siku ile ilikuwa ya kweli. Kabla yake ni Eddy Merckx peke yake, mwaka 1974, aliyekuwa ameshinda Giro, Tour na ubingwa wa dunia katika msimu mmoja.

Mmoja wa wale watano wa Villach, Paul Kimmage, alilipeleka swali la uaminifu mahali pengine. Alikuwa msaidizi wa kweli, aliyemaliza Tour ya 1986 katika nafasi ya 131, na mwaka 1989 alistaafu akawa mwandishi wa habari. Mwaka 1990 alichapisha kitabu kinachoeleza jinsi dawa za kuongeza nguvu zilivyokuwa jambo la kawaida katika msafara, akikiri kwamba yeye mwenyewe alizitumia mara chache. Wengi wa wenzake wa zamani walimwona kama mtu aliyewatukana wakunga. Urafiki wake na Roche ulivunjika. Jina la Roche nalo lilikuja kutajwa baadaye katika faili za uchunguzi wa Italia kuhusu daktari Francesco Conconi. Roche amekana siku zote kwamba alitumia dawa hizo.

Ukimya wa msafara nao ulikuwa ahadi, ingawa hakuna aliyeitamka. Kimmage aliivunja, lakini aliivunja hadharani, kwa jina lake, akianza na aibu yake mwenyewe, na hakupata jezi wala fedha za ubingwa kwa kufanya hivyo. Mwaka 2012 viongozi wa shirikisho la kimataifa la baiskeli, akiwemo Mwayalandi mwenzake Pat McQuaid, walimfungulia kesi nchini Uswisi. Waliisitisha mwaka huohuo, baada ya ripoti ya Wamarekani kuhusu mpanda baiskeli Lance Armstrong kuonyesha yaliyokuwa yakifichwa. Ahadi ya kuficha uovu haikuwa na nguvu ya kumfunga mtu tangu mwanzo, kwa sababu waliodhulumiwa nayo, yaani vijana waliokuja kukimbia kwa jasho lao tu, hawakuwahi kuulizwa kama wanakubali.

Visentini aliacha mbio mwaka 1990 na kurudi kwenye biashara ya familia yake, ya kushughulikia mazishi, kando ya Ziwa Garda. Kwa miaka mingi alijitenga na watu wa baiskeli. Baada ya 1987 hakushinda tena hata moja kati ya mashindano makubwa matatu. Roche naye, goti likimrudia, hakuufikia tena mwaka wake ule, ingawa alishinda hatua ya La Bourboule katika Tour ya 1992 na kustaafu mwaka uliofuata.

Giro ya 1987 ni ya Roche. Aliishinda kwa miguu yake, na baada ya Sappada aliilinda kwa wiki nzima dhidi ya wapinzani, wenzake na umati. Hakuwa na wajibu wa kuendelea kumtumikia mtu ambaye, kwa maelezo yake, alikuwa amekwisha kukataa kumtumikia. Alichokuwa na wajibu nacho ni mazungumzo ya dakika mbili, asubuhi ile ya Juni, kabla msafara haujaondoka Lido di Jesolo: kumwendea Visentini na kumwambia usoni kwamba makubaliano yamekwisha na kuanzia leo kila mtu yuko kwa nafsi yake. Hakumwendea, na kwa hilo Visentini anamdai mpaka leo.